Sawa ya Turiyah

Nianze na ukweli, usije ukasema baadaye nilikuficha. Nilimwonea Turiyah wivu. Si ule wivu mdogo wa kutamani viatu vya mtu kanisani, ukifika nyumbani umesahau. Nasema wivu wa kulala na mtu chumba kimoja miaka miwili, unamsikia akikoroma, na unajiambia, huyu hata kukoroma anakoroma kama mtu aliyeshiba.

Mimi naitwa Metrine, wa Kimilili. Nilipoletwa Riyadh, nyumba ya Madam iliyo nyuma ya minara ya Olaya, nilimkuta Turiyah ameshakaa pale miaka kumi na miwili. Mtu wa Java, kisiwa cha huko Indonesia: mfupi, mkavu, mguu wa kuvaa viatu vya mtoto wa shule. Funguo za stoo ziko kwake. Watoto wanamwita Mama Turi, mimi wananiita "yule mpya", na upya wangu ukakataa kuisha. Akipika yeye, Madam anamwombea Mungu ailinde mikono yake. Nikipika mimi, Madam anauliza ni nani aliyemwaga chumvi. Aki, ungekuwa wewe ungechekelea?

Lugha hatukuwa nayo. Kiingereza hajui, Kiswahili hajui, na mimi Kijava nitakitoa wapi? Tulizungumza Kiarabu cha jikoni, kile cha yalla na mafi na halas, yaani haraka, hakuna, imetosha, maneno mia hivi basi. Neno likimpotea anachomeka la kwao, likinipotea nachomeka la kwetu, na kazi inakwenda. Kusugua sufuria hakutaki sarufi.

Picha nazo hazitaki lugha. Madam akishalala baada ya chakula cha mchana, sisi tunapanda juu ya paa kuanika nguo, na huko ndiko Turiyah alikonimaliza. Anafuta mikono kwenye gauni, anatoa simu, ananionyesha kwao. Kijiji kinaitwa Tegalwuni, pwani ya kaskazini ya Java. Nyumba yake ina sakafu ya vigae vya kijani, nguzo mbili mbele, dirisha la kioo cheusi, na mumewe kasimama mlangoni kama mwenye hoteli. Kando ya nyumba kuna shamba la mpunga, maji yanang'aa, miche imesimama kwa mistari, bata wanapita katikati. Nyuma kabisa, bahari. Anaweka kidole kwenye lile shamba, ananiangalia, anasema, "Sawah."

Nilifikiri amedaka neno kwangu, maana mimi nikipiga simu nyumbani ni sawa, sawa, sawa tupu. Nilifikiri ananiuliza, si pazuri? Nikajibu, "Sawa kabisa," huku nimeuma meno.

Sasa sikiliza ya kwangu. Baba aliwagawia ndugu zangu watatu shamba, na mimi, kwa kuwa nilirudi kutoka kwa mwanamume na mtoto mgongoni, nikapewa ukingo wa njia, pale ng'ombe wa watu wanapokatia kona. Hapo ndipo nilipoanzisha nyumba yangu. Ilifika kwenye linta ikasimama, na sasa ndani yake kumeota mpera. Kila akinionyesha vigae vya kijani, mimi naona ule mpera.

Siku moja nikamuuliza: na mali yote hiyo, wewe unafuata nini huku? Akanieleza kwa vidole na maneno machache kwamba vijana wa kijijini kwao wako viwandani mjini, wako Malaysia, wako Taiwan, na wanawake wako Saudia. Wamebaki wazee na bata. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Bahar," yaani bahari, akaweka kiganja gotini, akakipandisha mpaka kiunoni, akacheka huku amefunika mdomo. Mimi nikaona ananieleza jinsi watu wa kwao wanavyoogelea. Nikasema moyoni, hee, hata kuogelea wanaogelea! Nilinuna siku nzima.

Wivu ukikaa sana unaanza kukosa adabu. Nilichukia jinsi anavyokunja shuka, kona juu ya kona kama karatasi. Nilichukia kile kitoweo chake cha kamba waliosagwa anachokichoma motoni mpaka nyumba nzima inanuka soko. Nilichukia hata swala yake, Mungu anisamehe, maana nilijua anaomba juu ya kile kijiji, na nilikuwa na hakika anasikilizwa.

Mwezi wa Novemba, mwaka jana, Haja akapasuliwa goti. Haja ni mama yake Madam, anakaa Jeddah. Madam akatuita sebuleni akasema tunahamia Jeddah wote mpaka mama yake atembee. Mmoja wetu angebaki na Haja, na mmoja angeenda likizo nyumbani Disemba. Mkataba wangu ulikuwa umetimiza miaka miwili, na Turiyah alikuwa hajaenda kwao kwa miaka minne. Haki mnayo wote, alisema Madam, lakini Haja amebaki na goti moja tu zima. "Mkubaliane wenyewe. Ijumaa mniambie."

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Binti yangu Yvonne ana miaka kumi na miwili, na Jumapili ya pili ya Disemba alikuwa apokee Kipaimara. Na huyo mtoto alikuwa ameacha kuniita. Si kwamba alinikasirikia. Nikipiga simu anasema hajambo, anasema shule ni nzuri, halafu namsikia akiita, "Mama, ni simu yako." Anamwita mama yangu! Mama yangu ndiye amekuwa Mama, na mimi nimekuwa simu. Nilitaka siku hiyo kanisani akigeuka anione mimi mwenyewe na miguu yangu, nimesimama nyuma yake. Hilo tu.

Nikamsubiri Turiyah juu ya paa. Tulikuwa tumeshika shuka moja, yeye kule mimi huku. Nikamwambia kwa kile Kiarabu chetu, "Disemba mimi naenda. Wewe baadaye. Mimi, binti yangu." Nikaweka mkono kifuani. Machozi yakamjaa Turiyah machoni. Akaweka naye mkono kifuani akasema, "Sawah."

Woi! Nilimkumbatia pamoja na shuka lake. Nikasema huyu mwanamke nimemsengenya bure, kumbe ana roho safi. Hapo hapo nikapiga simu. "Yvonne, nakuja! Mwambie katekista, mwambie kila mtu!" Mtoto akapiga kelele mpaka simu ikakwaruza. "Kweli, Mama?" Aliniita Mama, mimi. Siku tatu nilifagia nikiimba.

Ijumaa ikafika. Madam akauliza nani anaenda, na kabla sijafungua mdomo Turiyah akainua mkono. Yeye!

Sikujua nina sauti kubwa hivyo. Nilimwita mnafiki kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, na kwa Kiarabu kidogo nilichokuwa nacho. Ulisema sawa! Kwa mdomo wako mwenyewe! Naye anatikisa kichwa, anasema, "Aiwa," yaani ndiyo, "sawah, sawah," na machozi yanamtoka, mimi naona ananichezea shere. Madam akatufukuza sebuleni. Turiyah akanifuata jikoni, akanishika mkono. "Ummi," akasema. "Ummi, moya." Mama, maji. Nikamwambia bomba lile pale, kunywa.

Jioni hiyo nikafanya jambo. Nilimpelekea Madam chai, nikamwambia polepole, kwa sauti ya mtu mwenye huruma: Madam, Turi akienda harudi. Ana nyumba, ana shamba, ana bata, amenionyesha. Ameniambia halas, Saudia imemtosha. Na hakuwa ameniambia. Lakini kichwani mwangu alikuwa ameshanitambia hivyo mara mia, kwa hiyo uongo ulinitoka bila hata kukwama kooni. Madam aliweka kikombe chini. Miaka kumi na minne mtu anawapikia, leo aondoke bila kwaheri? Kesho yake akatangaza: Metrine ndiye anayeenda, Turi atabaki na Haja. Turiyah akasema, "Taib," yaani haya, akaenda kuosha mchele. Hakuwa mtu wa kusukuma neno mara mbili.

Tukahamia Jeddah. Turiyah hakunionyesha picha tena. Sitakudanganya, nilifurahi. Namwona akimwinua Haja kumpeleka msalani, mgongo umempinda, na mimi nahesabu siku zangu kwa vidole. Nikasema, na wewe onja.

Zikiwa zimebaki siku kumi, Madam akatutuma wote wawili Al-Hindawiyah, mimi nikatafute sanduku la safari, Turiyah achukue mashuka ya Haja. Ni mitaa ya zamani ile, imejaa watu wa kuja kama sisi, dirisha hili Kihausa, dirisha lile Kisomali. Mara nasikia kutoka ndani ya duka, "Karibu, mwanangu, ingia utazame, kutazama hakuna bei." Kiswahili! Tena cha Unguja, kilichonyooka! Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima, Bi Wahida. Wazazi wake waliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na yeye akazaliwa hapo hapo Jeddah. Nilikaa kwenye kiti chake kama niko kwa shangazi.

Na kwa kuwa nilikuwa na miaka miwili sijapata mtu wa kumwagia umbea kwa lugha yangu, nilimwaga wote, Turiyah amesimama pale pale. Wee, utamu wa kumsema mtu mbele yake na hasikii! "Huyu unayemwona, Bi Wahida, ukimtazama utadhani malaika. Alinikubalia mwenyewe, akasema sawa, tena na machozi. Ijumaa akanigeuka mbele ya bosi. Na kwao ana jumba, ana mashamba! Mimi nina mpera."

Bi Wahida alikuwa anacheka, akaacha. Turiyah alikuwa amesogea kwenye robota la kitambaa cheupe. Akakigusa, akainua vidole vitano. "Lima," akasema.

"Sasa anataka kulima!" nikasema.

"Lima kwao ni tano, mwanangu," akasema Bi Wahida. Akavuta kitambaa akaanza kupima mita. "Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa wa ukoo wa Kijava, hawa wa hapa hapa Jeddah. Mamkwe wangu miaka ishirini hakunisemesha lugha nyengine." Akamgeukia Turiyah, akamuuliza kitu kwa Kijava.

Jamani. Yule mtu wa maneno matatu alifunguka. Aliongea mpaka nikaogopa, mikono inapaa, sauti inapanda inashuka, mara anaonyesha kitambaa, mara ananionyesha mimi. Bi Wahida akawa anaitika, mwisho akatafuta kiti naye akakaa.

"Ulipomwomba akuachie safari, alikujibu vipi?" akaniuliza.

"Si nimekuambia? Sawa."

"Hebu msikilize vizuri." Akamwambia Turiyah alirudie lile neno. Turiyah akalirudia. Bi Wahida akainua kidole. "Ile pumzi ya mwisho umeisikia? Hakusema sawa. Kasema sawah. Sawah ni konde la mpunga. Hakukukubalia, mwanangu. Alikwambia hawezi kukuachia, kwa sababu ya konde lake."

"Ndiyo, si analo! Nimeliona kwenye simu!" Hata hapo wivu uliruka kwanza, kabla ya aibu.

"Uliloliona ni la miaka minane nyuma." Bi Wahida akachukua simu ya Turiyah, akanipa.

Kwanza sikuelewa ninachotazama. Maji ya kahawia, basi. Halafu nikaona nguzo mbili zimesimama ndani yake, nikazijua. Nikaona kioo cheusi cha dirisha, maji yamefika kizingitini. Bi Wahida akanieleza kwamba bahari ya huko inapanda kila mwaka na ardhi inashuka, inaingia na chumvi yake na hairudi. Sakafu wameijaza udongo wakaiinua mara tatu, vigae vya kijani viko chini huko, na siku hizi mumewe anaingia nyumbani kwake kwa kuinama kwa sababu paa limemkaribia. Konde lile halijaota mpunga tangu Turiyah alipokwenda likizo ya mwisho. Nikakumbuka kile kiganja, kutoka gotini mpaka kiunoni.

"Sasa kijiji chote kinahamishwa bara," akasema Bi Wahida. "Makaburi yao yako ukingoni mwa konde, na mama yake yumo. Wamepanga siku, kumi na tatu Disemba, wanafukua mifupa ya watu wao kabla maji hayajaichukua. Kila mtu anamfunga wake sanda mpya. Mama yake hakuzaa mwengine. Kitambaa hiki anataka kumpa mtu anayesafiri, wengine wamfungie."

Mama, maji. Na mimi nilimwonyesha bomba.

"Mbona hakunieleza vizuri?" nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda. Bi Wahida akamuuliza. Turiyah akajibu akiangalia chini, na Bi Wahida, na huzuni yote ile, akaangua kicheko.

"Anasema alidhani unajua. Anasema wewe kila ukishika simu na mama yako ni sawah, sawah, sawah. Hajapata kuona mtu mwenye makonde mengi kama wewe! Akajiambia, huyu tajiri anaweza kungoja, mimi langu limebaki moja tena limezama. Anakuonea wivu, mwanangu. Miaka miwili anakuonea wivu."

Mimi! Mwenye ukingo wa njia! Nilitaka kucheka na nikashindwa. Turiyah alikuwa ananitazama kwa haya, kama mtu aliyefumaniwa.

Usifikiri nilitoka pale nimekuwa mtakatifu. Nilirudi na sanduku langu jipya, jekundu, la magurudumu manne, na usiku na mchana nikawa najitetea. Aliyekufa hajui nani amemfunga sanda, nilisema, na Yvonne yuko hai, ananingoja. Nilisema hivyo Jumatatu, nikasema hivyo Jumanne. Jumatano nikamkuta Turiyah anapiga pasi kile kitambaa. Alikikunja kona juu ya kona, ule ukunjaji niliokuwa nauchukia, akakilaza kiganja juu yake kama unavyomlaza mtoto. Nikaenda kwa Madam.

Nilimwambia nimemsingizia Turi. Nikamweleza makaburi na maji. Madam akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kana kwamba ndiyo kwanza nimeletwa na ofisi ya wakala. "Turi ataenda," akasema. "Wewe utabaki na mama mpaka atembee." Nikauliza, na baada ya hapo? Akasema baada ya Idi tutaona. Sikubisha. Ningebishaje?

Siku ya kuondoka Turiyah nilimpa lile sanduku jekundu. Alikataa, nikalifungua mwenyewe nikamwekea sanda ndani, juu kabisa, isikunjamane. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema kitu kirefu cha kwao, na safari hii sikujifanya nimeelewa. Gari likaondoka. Nikasimama langoni, na unajua nilisikia nini? Wivu. Haki ya Mungu. Anaenda kwenye kijiji kinachozama, anaenda kushika mifupa, na mimi nilimwonea wivu, kwa sababu huyo aliye chini ya ule udongo wa chumvi hajamwita mtu mwingine mwanangu, wala Turiyah hajamwita mwingine Mama.

Halafu nikapiga simu Kimilili. Nilikuwa nimeiahirisha siku nne. Yvonne aliipokea mwenyewe, haraka, kabla haijalia mara ya pili. Akaniambia gauni jeupe limekamilika, na katekista amewaambia wazazi wakae kiti cha nyuma ya watoto, na yeye amenishikia changu. Nikamwacha amalize. Nikamwambia sitaweza kuja. Nikamwambia kuna mwenzangu, mama yake, maji. Nilisikia maneno yangu yakitoka vipande vipande, kama Kiarabu changu.

"Sawa," akasema Yvonne.

Na mwisho wa neno akashusha pumzi, ile pumzi ndogo aliyonionyesha Bi Wahida. Nikasema Yvonne, Yvonne, nisikilize kwanza.

"Mama," akaita, "njoo uchukue simu yako."

Hakuwa ananiita mimi.